Jinsi ya kuongoza mmea kwa homoni zake wenyewe, toka mbegu mpaka tunda liive

Siku hizi ukiingia duka la pembejeo unakuta rafu imejaa chupa, hii ya kukuza, hii ya kuleta maua, hii ya kuivisha, na watu wananunua tu bila kujua ndani kuna nini. Mi naomba kabla hujatoa hela yako ujue kwamba mmea unatengeneza hizo homoni, yaani kemikali za kuuambia ukue, uchanue au uive, wenyewe kila siku, kwa kiasi kidogo sana, na wewe kwa kisu, kivuli, maji na boksi la kufunika unaweza ukazipeleka unakotaka. Cha muhimu ni kujua homoni gani inatengenezwa wapi na inaelekea upande gani, basi, ukishajua hivyo mambo mengi ya shambani yanajieleza yenyewe.

Tuzipitie fasta kwanza halafu twende kwenye kazi.

Oksini inatengenezwa kwenye ncha ya mmea na majani machanga, inashuka chini kwenye shina, mwendo wake kama sentimita 1 kwa saa. Inarefusha seli, inaotesha mizizi, na inazuia vichipukizi vya pembeni visiamke.

Giberelini inarefusha shina na kuamsha mbegu. Ilijulikana kupitia ugonjwa wa mpunga, mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa aligundua kuwa miche inayorefuka hovyo mpaka inaanguka inafanywa hivyo na kitu kinachotolewa na kuvu. Na zile ngano fupi za Norman Borlaug zilizompa Nobeli ya amani mwaka 1970, ufupi wake ni kwamba giberelini zinayo ila haziisikii vizuri, kwa hiyo nguvu inaenda kwenye masuke badala ya bua.

Saitokinini inatoka kwa wingi kwenye mizizi, inapanda juu, inagawanya seli na kuamsha vichipukizi. Asidi ya absisiki ndo breki, inalaza mbegu na kufunga vitundu vya majani wakati wa ukame. Ethilini hiyo ni gesi, ya kuivisha, kuzeesha na kudondosha.

Zipo na nyingine, strigolaktoni nitaigusa mbele kwa sababu ya kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi.

HATUA YA 1: Iamshe mbegu

Umewahi kujiuliza kwa nini mbegu za nyanya haziotei ndani ya nyanya wakati maji yamejaa humo? Ni asidi ya absisiki, mmea mama umeziwekea breki pamoja na ule utelezi unaozizunguka. Kwa hiyo ukitaka kutunza mbegu zako mwenyewe kazi ya kwanza ni kuondoa hiyo breki. Nyanya, kamulia mbegu na majimaji yake kwenye glasi, acha zichachuke siku 2 au 3, zinazoelea tupa, zilizozama osha vizuri anika kivulini. Papai, ule utando wa utelezi kwenye kila mbegu lazima utoke, sugua na mchanga kidogo au kwenye chujio mpaka mbegu ibaki ngumu na mikunjomikunjo yake inaonekana, ukiuacha mbegu zitakaa kimya wiki na wiki na utasema mbegu mbovu kumbe hazijaruhusiwa kuamka.

Mbegu kavu za kawaida kama bamia au maboga loweka usiku mmoja tu. Usiloweke siku mbili tatu maana mbegu inapumua, ikikosa hewa inaoza.

Kinachotokea baada ya maji kuingia, kama umetoka nyumba inayotengeneza togwa ushakiona kwa macho yako. Ulezi au mtama unalowekwa, unatandazwa kwenye gunia bichi, unafunikwa, vimizizi vyeupe vinatoka, unaanikwa na kusagwa, hicho ndo kimea, na ukikitia kwenye uji mzito wa vuguvugu uji unalegea na kuwa mtamu bila hata kijiko cha sukari. Ni vimeng'enya vya mbegu vinakata wanga kuwa sukari. Kwenye shayiri ya bia hili limechunguzwa sana: kiini cha mbegu kikipata maji kinatoa giberelini, giberelini inaenda kwenye tabaka jembamba linalozunguka wanga, na hilo tabaka ndo linatoa vimeng'enya. Ndo maana kuna viwanda vya kimea vinaongeza giberelini kidogo ili shayiri iote kwa pamoja.

Viazi mviringo vina usingizi wake pia, kawaida miezi 2 mpaka 3 baada ya kuvunwa kutegemea aina. Vya mbegu viweke stoo yenye mwanga hafifu, kwenye chanja, tabaka moja au mawili, chipukizi zitoke fupi, nene, za kijani. Gizani zinatoka ndefu nyeupe zinavunjika kwenye gunia. Na hapa kuna kakitu kadogo ambako wengi wanakaruka: chipukizi la kwanza la kwenye kichwa cha kiazi likishatoka linazuia macho mengine, linyofoe kwa kidole na mengine yataamka, utapata shina nyingi kwa kiazi kimoja. (Viazi vilivyopata ukijani ni vya kupanda tu, usile wala usimlishe mtu, vina sumu.)

HATUA YA 2: Kitalu, miche isirefuke ovyo

Weka trei ya miche dirishani uone baada ya siku mbili yote imelala upande wa mwanga. Charles Darwin na mwanae Francis walilifuatilia hili wakaliandika mwaka 1880, walifunika ncha za miche ya nyasi na zikaacha kupinda, wakajua ncha ndo inayoona mwanga na kutuma habari chini. Leo tunajua habari yenyewe ni oksini, inahamia upande wa kivuli, upande huo unarefuka zaidi, shina linapinda.

Kwa hiyo mche unaolegea na kurefuka kwenye kitalu chako shida sio mbolea, ni mwanga. Ukiongeza yurea unaongeza urefu tu. Punguza kivuli kidogo kidogo, fungua asubuhi na jioni kwanza, halafu mchana. Nafasi nayo, miche iliyobanana inaoneana kivuli kwa hiyo inashindana kupanda juu.

Halafu kuna hii, ipitishie miche mkono taratibu kila siku, au kipande cha kitambaa laini, hasa nyanya. Ile kutikisika inaufanya mmea utoe ethilini kidogo na kubadilisha homoni zake, unakuwa mfupi wenye shina nene, ndivyo upepo unavyofanya shambani. Ila majani yakiwa na maji usiguse, utasambaza magonjwa.

Siku 7 mpaka 10 kabla ya kuhamisha punguza maji. Usiikaushe mpaka inyauke kabisa, iache tu isikie kiu, asidi ya absisiki inapanda, vitundu vya majani vinajifunza kufunga mapema, siku ya kuhamisha mche hauangushi majani chini kama umemwagiwa maji ya moto. Hamisha jioni. Hii moja tu inaokoa miche mingi sana na haina gharama yoyote.

HATUA YA 3: Vipandikizi, hapa ndo oksini inaonekana vizuri

Mi naona hakuna sehemu nzuri ya kuielewa homoni kama kwenye kipandikizi, maana unakata kipande cha tawi hakina mzizi hata mmoja na baada ya wiki chache kina mizizi. Imetoka wapi? Oksini ilikuwa inashuka kutoka kwenye macho na majani machanga, ikafika kwenye kidonda ikakosa pa kwenda, ikajikusanya, na seli za pale zikaambiwa geukeni mizizi.

Ukishaelewa hivyo kila hatua ina sababu yake:

Chagua tawi lenye afya, lisilo na maua. Ua linakula chakula na linabadilisha hali ya homoni za tawi, kipandikizi chenye maua kinasuasua. Kata asubuhi na mapema tawi likiwa limejaa maji, urefu wa sentimita 15 mpaka 20 kwa vitu kama waridi, mforosadi, mzabibu, rozimari inatosha sentimita 10.

Kata chini kidogo tu ya kifundo, maana pale kwenye kifundo mizizi inatoka kirahisi zaidi. Ukate wa chini uwe wa mshazari na wa juu uwe wa kunyooka, hii sio urembo, ni alama ya kukukumbusha chini ni wapi. Oksini inakwenda upande mmoja tu, kutoka ncha kwenda mzizini, na hata ukikigeuza kipande kichwa chini yenyewe inaendelea kuelekea kule kule kulikokuwa chini zamani. Vipande vingi vya muhogo vinavyotoka vibaya vimepandwa vimegeuzwa, angalia macho yaelekee juu. Muhogo kipande cha sentimita 20 mpaka 30 chenye macho kama 5 mpaka 7, kutoka shina lililokomaa, usichukue kile cha juu kabisa kilaini.

Toa majani ya chini yote, bakiza mawili ya juu na uyakate nusu. Usiyatoe yote kwenye kipandikizi laini! Majani na macho ndo yanayoleta oksini na sukari, ukiyatoa yote umezima mashine, ila ukiyaacha mazima yatapoteza maji na mizizi bado hakuna.

Kama gamba ni gumu, likwangue kidogo kwa kisu pande mbili za chini, kama sentimita 2, mizizi inapata pa kutokea.

Chomeka kwenye mchanga safi uliolowa, sio udongo wenye samadi mbichi. Funika na chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako au nailoni, weka kwenye kivuli chenye mwanga. Halafu kiache! Watu wanang'oa kila siku kuangalia na kila uking'oa unakata vimizizi vyembamba kama uzi vilivyoanza. Subiri wiki 3 mpaka 6, vuta taratibu sana, kikigoma kutoka ujue kimeshika.

Kwa mlimao, mlichi na miti inayosumbua kuotea kwenye mchanga, mizizi iotee juu ya mti wenyewe. Tafuta tawi la unene wa penseli au kidole, toa gamba kuzunguka lote upana wa sentimita 2 hadi 3, kwangua ule utando wa kijani mpaka uone mti mweupe, funga pale udongo mchanganyiko na makumbi ya nazi yaliyolowa, zungushia nailoni kaza juu na chini. Maji yanapanda bado maana yanapita ndani ya mti, ila oksini na sukari zinazoshuka kwenye gamba zinakwama juu ya kile kidonda, na mizizi inatoka pale pale kwenye ukingo wa juu. Ukiona mizizi imejaa kwenye nailoni kata chini yake, panda.

Poda ya kuotesha mizizi inasaidia, siikatai, ndani yake kuna oksini iliyotengenezwa kiwandani. Soma lebo uangalie asilimia: 0.1 ni kwa vipandikizi laini, 0.3 kwa vya kati, 0.8 kwa miti migumu. Kuzidisha ni hasara, oksini nyingi inazuia mizizi ileile unayoitafuta na ukate unaoza. Mimina kidogo pembeni, gusisha ncha, kung'uta, iliyobaki usirudishe kwenye kopo. Asali ambayo watu wanaisifia kazi yake kubwa ni kupunguza vijidudu kwenye kidonda, usitegemee ifanye kazi ya oksini.

HATUA YA 4: Kata ncha, au usikate

Ncha ikiwepo oksini inashuka na vichipukizi vya kwenye makwapa ya majani vinalala. Ikiondoka, saitokinini kutoka mizizini inatawala na vinaamka. Kilimo cha chai chote kimekaa juu ya hili, mchai ukiuacha unakuwa mti mrefu kabisa, lakini Mufindi na Kericho unaona ni meza ya kijani ya kiunoni kwa sababu kila siku za kuchuma watu wanaondoa majani mawili na ncha yake, na kila ncha inayotoka zinazaliwa nyingine.

Mchicha, mrehani, mnavu, pilipili, kata ncha zikiwa na majani 6 hivi ya kweli, utachuma muda mrefu. Pasheni acha upande shina moja mpaka ufike kwenye waya, ukifika kata ncha, utoe mikono miwili kulia na kushoto. Kahawa kuna wanaoinamisha shina badala ya kukata, likilala tu machipukizi yanasimama kwenye mgongo wake, unachagua mawili matatu mazuri. Kuinamisha matawi kunafanya kazi na kwenye mpera.

Nyanya zile ndefu za kamba ni kinyume, hapo unataka shina moja lisonge mbele, kwa hiyo nyofoa vichipukizi vya makwapani vikiwa vidogo kama kidole cha mtoto, mkono utoshe, kisu cha nini.

Usiguse ncha ya mnazi, mtende wala mchikichi. Ina sehemu moja tu ya kukua, ukiiua mti umekwisha. Na ukishakata ncha ya chochote, mpe mmea maji na mbolea, hasa yenye naitrojeni, kwa sababu mizizi iliyoshiba ndo inayotoa saitokinini ya kuamsha hayo matawi. Mtu anakata kwenye udongo uliochoka halafu anashangaa mmea umedumaa.

Kuna breki nyingine kwenye matawi, strigolaktoni, ilithibitishwa mwaka 2008 kuwa ni homoni ya kuzuia matawi. Lakini kemikali zenyewe zilishajulikana toka miaka ya 1960 kwa sababu nyingine mbaya kabisa, ambayo mkulima wa mahindi wa Kanda ya Ziwa au wa magharibi ya Kenya anaijua: kiduha, wengine kayongo, yale maua mazuri ya zambarau yanayonyonya mahindi. Mzizi wa mhindi ukikosa fosforasi unamwaga strigolaktoni kwenye udongo kuita kuvu rafiki wanaousaidia kupata chakula. Mbegu ya kiduha, ndogo kama vumbi, imelala pale hata zaidi ya miaka 10 inasubiri harufu hiyohiyo. Ikiisikia inaota na kujichomeka kwenye mzizi.

Nimekaa hapa kwa sababu naumia nikiona mtu anapambana na kiduha kwa jembe tu wakati kinaitwa na njaa ya udongo wake. Rutubisha, weka samadi na fosforasi, mzizi utapunguza kuita. Panda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, mfumo wa sukuma-vuta wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Kenya, uliokuzwa kule Mbita, mizizi yake inaamsha kiduha halafu inakizuia kushika mhindi, kinakufa. Na ng'oa kabla hakijachanua, mmea mmoja unamwaga mbegu makumi elfu.

HATUA YA 5: Tunda lishike na lijae

Tango lililopinda, tikiti lenye shingo nyembamba upande mmoja. Lipasue uangalie mbegu. Upande uliojaa una mbegu, upande uliosinyaa mbegu hazipo au ni maganda matupu. Mbegu changa ndo zinatoa oksini na giberelini ya kuliambia tunda linenepe, na mbegu haipo kama chavua haikufika. Dawa hapo ni nyuki, kwa hiyo usipige sumu asubuhi maua yakiwa wazi, piga jioni. Kwenye boga na tikiti unaweza kuchuma ua dume asubuhi na kupaka mwenyewe katikati ya ua jike, lile lenye kitunda kidogo chini yake.

Embe kudondosha vitunda vichanga ni kawaida, mti unapunguza mzigo. Ila vikidondoka kupita kiasi wakati wa jua kali angalia maji. Kiu inapandisha ethilini na asidi ya absisiki, oksini ya kutoka kwenye tunda inapungua, na kikonyo kinajikata chenyewe. Matandazo chini ya mti yanasaidia kuliko chupa ya dukani.

HATUA YA 6: Nanasi lichanue kwa pamoja

Hadithi ya nanasi inaanzia kwenye moshi, visiwa vya Azores vya Ureno mwaka 1874, moshi uliingia kwenye nyumba ya kukuzia mananasi na badala ya kufa yakachanua. Ndani ya moshi kuna ethilini. Leo mashamba makubwa yanatumia ethefoni, kimiminika kinachogeuka ethilini ndani ya mmea, ili shamba zima livunwe kwa mpigo.

Kama una shamba Kiwangwa au Geita na unataka kufanya hivyo, subiri mmea uwe mkubwa kwanza, majani 30 na zaidi. Ukiulazimisha mdogo utazaa nanasi la ngumi. Changanya kwa kipimo cha lebo, mimina kidogo kwenye moyo wa mmea jioni, mvua isinyeshe. Mavuno ni kama miezi 5 mpaka 7 baadaye, baridi inachelewesha.

HATUA YA 7: Kuvundika

Anza kwa kujua tunda lako ni la kundi gani, hapa ndo hela nyingi zinapotea. Ndizi, embe, parachichi, papai, nyanya, pera, pasheni: haya ukiyachuma yamekomaa yanaendelea kuiva yenyewe, yanatoa ethilini na hiyo ethilini inayafanya yatoe nyingine zaidi. Nanasi, chungwa, limau, zabibu, stroberi, tikiti: haya ukikata umekata, utamu hauongezeki. Nanasi lililopigwa ethefoni wiki ya mwisho linakuwa njano nje na chachu ndani, rangi tu imebadilika. Na chungwa la Muheza la kijani linaweza kuwa tamu kuliko la njano, kwa sababu joto la usiku wa kwetu linafanya ule ukijani usiondoke kwenye ganda, halina uhusiano na kuiva.

Parachichi lina tabia yake, haliivi likiwa mtini hata likae vipi. Lakini likichumwa halijakomaa linasinyaa na kuwa kama raba, hakuna boksi litakaloliokoa. Njombe na Murang'a wanaowahi soko wanaumiza jina la wote.

Sasa ndizi. Kata mkungu zikiwa zimejaa, zile kona za pembeni ya ndizi zimeanza kuwa duara. Gawa vichane, osha utomvu, kausha. Panga kwenye boksi au kreti lenye majani makavu ya mgomba, katikati weka papai au ndizi chache zilizoiva vizuri, hizo ndo injini yako ya ethilini. Funika na gunia au blanketi, usifunge na nailoni isiyopitisha hewa. Ndizi zinapumua, zikikosa oksijeni zinachacha zinanuka pombe, na hewa chafu ikijaa inazuia ethilini isifanye kazi. Fungua mara moja kwa siku zipumue dakika chache halafu funika tena.

Joto ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Vyumba vya kisasa vinaivisha kwenye nyuzi 15 mpaka 18, na ethilini kidogo sana, sehemu 100 hadi 150 kwa milioni ya hewa kwa saa kama 24. Dar kwenye chumba cha bati mchana nyuzi 30 na kitu, ndizi inalainika ndani ganda likiwa bado kijani, mteja anakataa. Tafuta chumba cha chini, sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji, vundika usiku. Na friji usiweke ndizi mbichi, chini ya nyuzi 13 ganda linaungua linakuwa la kijivu na haliivi tena vizuri.

Wazee wa Kagera, Uganda na Burundi wanazika ndizi za pombe kwenye shimo lenye majani ya mgomba na kuingiza moto au moshi, na ni ethilini hiyohiyo pamoja na joto, walishaimaliza kazi kabla maabara haijaipa jina.

Kabaidi usitumie. Najua wanaotumia, wanasema inaivisha usiku mmoja. Ikikutana na unyevu inatoa asetilini, gesi inayoiga ethilini, lakini kabaidi ya kuchomelea vyuma inaweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, gesi yenyewe inalipuka, na tunda linapata rangi bila ladha. Nchi nyingi zimepiga marufuku. Hayo matunda watoto wa shule ndo wananunua pale getini, jamani tuwahurumie.

Na kama unataka kuchelewesha, geuza yote: nyanya zako za wiki ijayo ziweke mbali na ndizi mbivu, toa lililooza mara moja maana moja linatoa gesi kwa kreti zima, na maua ya kukata usiyaweke meza moja na bakuli la matunda, yanachakaa kabla ya wakati.

HATUA YA 8: Ukinunua, ujue unanunua nini

Soma kiambato, achana na picha ya mbele. Giberelini ni nzuri kwa zabibu na kuamsha viazi vya mbegu, kwenye mchicha itakupa bua refu laini. Maji ya madafu yana saitokinini ya kweli, wanasayansi walianza kuyatumia kukuzia viini vya mbegu maabara mwaka 1941, na miche ya ndizi ya tishu, ile inayokuzwa maabara kutoka kipande kidogo cha mmea, kama ya JKUAT, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia cha Kenya, inatoka kwenye sayansi hiyohiyo, ambapo oksini ikizidi inatoka mizizi na saitokinini ikizidi yanatoka majani. Lakini kupiga madafu shambani kunaleta sukari kwenye majani, na sukari inaleta sisimizi na ukungu, mi nisingeyapoteza.

2,4-D watu wanaijua kama dawa ya magugu tu. Ni oksini ya kiwandani, kali mno, gugu la majani mapana linakua kwa vurugu mpaka linajinyonga, mahindi, mpunga na miwa zinastahimili ukifuata lebo. Nyanya, pamba, maharage na mizabibu hazistahimili hata tone la upepo. Ukiona majani machanga ya nyanya yamejikunja yamekuwa membamba kama kamba na shina limejisokota, kabla hujasema ni virusi muulize jirani alipiga nini juzi. Piga asubuhi upepo umetulia, pua ya bomba iwe karibu na chini, na bomba la 2,4-D liwe lake peke yake, liandike kwa rangi nyekundu, kwa sababu mabaki yanayoganda kwenye mpira na kwenye mfuniko hayatoki kwa kusuuza mara moja na ukija kulitumia kwenye nyanya msimu ujao utazipiga zote.